Dinari Mbili

Hospitali ya KCMC ilikuwa bado inajengwa pale Moshi wakati madaktari na wauguzi wa kigeni walipoanza kuwasili na familia zao. Watoto wao walihitaji pa kusoma, na mwaka 1969 ikaanzishwa International School Moshi. Hospitali yenyewe ilifunguliwa miaka miwili baadaye, 1971, ikiwa mali ya shirika la makanisa liitwalo Msamaria Mwema. Ndiyo kusema shule ile ilizaliwa jirani kabisa na mfano mmoja wa Injili ya Luka, hata kama waanzilishi wake walikuwa wanawaza madawati na walimu tu.

Mfano huo unajulikana hata kwa wasioingia kanisani. Mtu anavamiwa na wanyang'anyi katika njia ya kuteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani anapita, Mlawi anapita. Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa, anasimama, anamfunga majeraha, anampandisha juu ya mnyama wake na kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Mahubiri mengi huishia hapo. Luka anaendelea. Kesho yake Msamaria anatoa dinari mbili, anamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, anamwomba amtunze majeruhi, na anaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi.

Mwenye nyumba ya wageni hatajwi jina wala hasemi neno. Yeye ni mtu aliyelipwa kumtunza mtu asiyemjua. Na yeye hasa ndiye anayestahili kutazamwa leo, kwa sababu anabeba swali ambalo wazazi wengi wa Kilimanjaro wanalo moyoni bila kulitamka mbele ya mkuu wa shule: mtu akilipwa mshahara ili amjali mtoto wangu, huko ni kumjali kweli?

Mwaka 2019 shule ile ya Moshi, pamoja na tawi lake la Arusha, ilijiunga na mtandao wa United World Colleges na kuitwa UWC East Africa. Inapokea vijana wa bweni kutoka nchi nyingi, baadhi yao kwa ufadhili, wakiwemo wale ambao hawajawahi kulala mbali na nyumbani. Katika shule za aina hii ustawi wa mwanafunzi hauachwi kwa bahati. Mnasihi ana taaluma yake na chumba chake. Yuko muuguzi, wako walezi wa mabweni, na kila mwanafunzi ana mwalimu mlezi ambaye hukutana na kikundi chake kidogo na kujaribu kujua nani halali usiku, nani ameacha kula, nani ametengwa na wenzake, nani anatetemeka akiwaza mtihani wa diploma ya kimataifa ya IB na zile pointi zake 45. Ziko taratibu za maandishi za ulinzi wa mtoto. Kazi yote hii ina mikataba, ina bajeti, na nafasi zake hutangazwa kama nafasi nyingine za kazi.

Kwa mzazi aliyelelewa Rombo au Kibosho, hapo ndipo penye kigugumizi. Yeye alipoumia moyo alikwenda kwa bibi, au kwa shangazi wa kihamba cha jirani. Hakuna aliyesaini kitu. Kumpangia mtoto saa ya kulia mbele ya mtu anayelipwa kwa mwezi kunaonekana kama kununua kile ambacho hakipaswi kuuzwa.

Kigugumizi hicho kina wazee wenye hadhi nyuma yake. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, anaorodhesha wajibu wa mwalimu. Wa kwanza ni kuwahurumia wanafunzi na kuwatendea kama watoto wake wa kuzaa. Wa pili ni kumfuata Mtume kwa kutotafuta ujira wa kufundisha. Ghazali aliyajua aliyokuwa anayasema. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika chuo cha Nizamiyya huko Baghdad, mojawapo ya nafasi za heshima kubwa katika ulimwengu wa Kiislamu wa wakati wake, na mwaka 1095 akaiacha kwa sababu nafsi yake ilikuwa imeingiwa na shaka juu ya nia yake mwenyewe. Alikuwa ameona jinsi cheo na riziki vinavyoweza kukalia mahali pa Mungu ndani ya moyo wa mwalimu.

Hata hivyo wanazuoni waliokuja baadaye, hasa wa madhehebu ya Hanafi, waliona kwamba mwalimu wa Kurani asipolipwa, watoto watakosa mwalimu, na wakaruhusu ujira kwa hoja ya dharura. Katika pwani ya Waswahili mwalimu wa chuo cha Kurani alipewa ada ndogo, na zawadi mtoto alipohitimu. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba wahubiri wanayo haki ya kuishi kwa kazi ya Injili, ingawa mwenyewe alichagua kushona mahema. Dini zote mbili zimelikuta tatizo lilelile na kufika karibu na jibu lilelile: ujira si haramu, lakini moyo wa anayeupokea uangaliwe.

Jibu hilo ni sahihi, ila halifiki mbali ya kutosha. Linautazama ujira kama hatari inayovumiliwa. Kuna upande ambao mshahara unamsaidia mtoto, na watu wanaousifu ulezi wa zamani huuruka.

Fadhila haidaiwi. Mtoto anayelelewa kwa hisani ya mjomba hawezi kumdai mjomba chochote, na mjomba akimtendea vibaya, mtoto huyo hana pa kwenda isipokuwa kwa ndugu walewale watakaomwambia anyamaze asivunje ukoo. Wapo watoto Kilimanjaro waliokaa kimya kwa miaka ndani ya mapenzi ya namna hiyo. Mtu anayelipwa kumlinda mtoto anaweza kuulizwa. Ana maelezo ya kazi, ana mkubwa wake, anaweza kufukuzwa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Hata siri ya mnasihi ina mipaka yake. Padri anayeungamisha amefungwa kabisa kutotoa aliyoyasikia. Mnasihi humwambia mtoto tangu mwanzo kwamba atayatunza anayoambiwa, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Padri anamsikiliza mtoto mbele za Mungu. Mnasihi anamsikiliza mbele ya watu watakaomtaka ajieleze kesho, na kwa mtoto anayepigwa au kuchezewa, tofauti hiyo inaweza kumwokoa.

Kwa hiyo dinari mbili hazikumchafua mwenye nyumba ya wageni. Zilimfunga. Baada ya kuzipokea hakuweza kusema yule majeruhi hamhusu.

Kama kuna kosa, basi, liko mahali pengine. Ili kupaona, inafaa kupanda mlima kidogo.

Ukitoka Moshi kwa barabara ya Himo unafika Kiboriloni, penye soko lililowahi kuvuma kwa mitumba, ambako ndizi hushushwa kutoka mlimani. Hapo barabara inachepuka na kupanda hadi Kidia, Old Moshi. Kidia ndiko alikoishi Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig. Alizaliwa 1876, akaja Afrika Mashariki mwaka 1902, na akaitumikia Old Moshi hadi 1938, isipokuwa miaka ambayo Waingereza walimwondoa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliandika kurasa nyingi kuhusu Wachagga, yakiwemo mafunzo ambayo wazee waliwapa vijana wa jando, na kuyachapisha kwa Kijerumani katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Mafunzo hayo yalikuwa na mpangilio wake. Wazee walitumia mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa, na kila alama ilibeba somo lake: mwili, ndoa, wazazi, wafu, ujirani.

Gutmann alishtushwa na kitu kimoja. Shule na kanisa la wageni vilikuwa vinamtoa kijana kwenye ukoo, kwenye ujirani na kwenye rika lake, kisha vinamwacha peke yake na daftari. Jibu lake lilikuwa kuchukua desturi ya vijana wa Kichagga kulindana kwa ngao na kuiingiza kanisani. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya kulindana, wakiwa na walezi watu wazima, na uhusiano huo ulikusudiwa kuendelea baada ya siku ya kipaimara, katika ndoa, katika magonjwa na katika ugomvi.

Mtu huyu hafai kupambwa. Alimwona Mchagga wa kale kuwa mkamilifu kupita ukweli, na maneno yake juu ya damu na ukoo yalikaribiana mno na yaliyokuwa yanashangiliwa Ujerumani wakati ule; wakosoaji wake wamelisema hilo kwa haki. Lakini vikundi vya Kidia vinafanana kwa namna ya kushangaza na vikundi vya mwalimu mlezi katika shule ya kimataifa ya leo, kilomita chache tu kutoka pale. Kijana mmoja, wenzake wachache, mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina. Tofauti iko kwenye muda. Mlezi wa Kidia alikuwa anazeeka kwenye mteremko uleule na wale aliowalea. Walikuwa wanakutana sokoni, kwenye matanga na kwenye pombe ya mbege.

Mwalimu wa shule ya kimataifa huajiriwa, mara nyingi, kwa mkataba wa miaka miwili. Anaweza kuuongeza, na wapo waliokaa Moshi hadi wakawa watu wa Moshi. Wengi huondoka. Wanafunzi nao huondoka. Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Hill Useem, aliyewachunguza Wamarekani walioishi India katika miaka ya 1950, aliwaita watoto wa maisha ya namna hii watoto wa utamaduni wa tatu, na wengi walioandika baada yake wamegusa jeraha moja: watoto hawa huzika urafiki mwingi bila matanga. Kila Juni kuna kuagana. Kijana aliyemfungulia mlezi moyo Oktoba anarudi Agosti na kukuta jina jingine mlangoni. Baada ya mara mbili au tatu, kijana mwenye akili hujifunza kutofungua kitu.

Hapo ndipo ahadi ya Msamaria inapopata uzito wake. Alitoa fedha, kisha akasema atarudi. Fedha bila kurudi ingekuwa kumkabidhi mgonjwa kwa mgeni na kunawa mikono. Shule inayoajiri mnasihi mwenye shahada nzuri kisha ikabadilisha mnasihi kila miaka miwili imetoa dinari na kuisahau sehemu ya pili ya maneno yale. Kosa hilo ni la mkataba, na mikataba huandikwa na watu walioketi mezani, kwa hiyo inaweza kuandikwa upya.

Kuna watu ndani ya shule hizi ambao hawaondoki. Ni matroni, wapishi, walinzi, madereva, wafua nguo. Mwanafalsafa Mmarekani Nel Noddings, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu maadili ya kujali, anasema kujali hakukamiliki upande wa anayejali peke yake. Hukamilika pale anayejaliwa anapokupokea. Kwa kipimo hicho, wanaomjali mtoto wa bweni mara nyingi ni wale ambao hawamo kwenye chati ya idara ya ustawi. Matroni anamjua mtoto kwa mashuka yake. Mpishi anaona sahani inayorudi imejaa. Mlinzi wa usiku anamwona anayetembea uani saa tisa usiku, na anamsindikiza hadi mlangoni bila maswali. Wengi wa watu hawa wanaishi mitaa ya kawaida ya Moshi kama Rau, Majengo, Pasua na Kiboriloni. Wanalipwa kidogo kuliko mnasihi, na kuna jioni ambazo watoto wao wenyewe wanalala kabla mama hajarudi kutoka kulaza watoto wa wengine. Shule inayozungumzia ustawi na kuwasahau watu hawa inajenga ghorofa ya pili bila kukagua msingi.

Kurt Hahn, ambaye mawazo yake ndiyo yaliyozaa United World Colleges, aliutazama ulezi kutoka upande mwingine. Hahn alikuwa Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi na mkuu wa shule ya Salem, iliyoanzishwa 1920. Mwaka 1932 wafuasi wa Hitler walipomuua mfanyakazi mmoja katika kijiji cha Potempa, na Hitler akawatetea wauaji, Hahn aliwaandikia waliosoma Salem wachague kati ya shule yao na Hitler. Mwaka 1933 alikamatwa. Aliachiwa baada ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, kuingilia kati. Akiwa uhamishoni alianzisha Gordonstoun huko Scotland mwaka 1934, na chuo cha kwanza cha mtandao huu kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Vijana wake walifundishwa kuokoa watu baharini, milimani na kwenye moto. Aliamini kwamba huruma inakufa ndani ya kijana kwa sababu ya haraka ya maisha ya sasa, na kwamba njia ya kuihuisha ni kumpa mtu wa kuokolewa.

Hahn hakuanza na kijana anayetunzwa. Alianza na kijana anayetunza. Wazo hilo linaweza kutumiwa vibaya, kwa kumwambia anayeumia kwamba akawasaidie wengine atapona. Aliyekatika mguu habebeshwi machela. Lakini lina ukweli ambao idara za ustawi zinauhitaji. Kijana anayeulizwa kila wiki anajisikiaje, na haulizwi kamwe jirani yake anaendeleaje, anafundishwa kwamba nafsi yake ndiyo ulimwengu wote.

Na jirani yuko karibu. Mwanasheria ambaye swali lake kwa Yesu lilizaa mfano ule wa Msamaria alitaka kujua mpaka: jirani ni nani, maana yake nani si jirani. Katika Moshi mpaka huo unaonekana kwa macho. Ni geti.

Ng'ambo ya geti kuna shule za serikali ambazo tangu Januari 2016, elimu msingi ilipofanywa ya bila ada, zimepokea watoto wengi kuliko madarasa yaliyokuwepo. Zina mwalimu wa malezi na unasihi, ambaye pia ana vipindi vya hisabati au Kiswahili na daftari za kusahihisha usiku. Chumba cha faragha hana. Kanuni za serikali bado zinaruhusu adhabu ya viboko, visizidi vinne. Na hadi tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba waliokatiza masomo wataruhusiwa kurudi, msichana aliyepata mimba alifungiwa nje ya shule ya serikali moja kwa moja. Yaani yule hasa aliyekuwa amelala kando ya njia ndiye aliyeambiwa nyumba ya wageni imejaa. Miaka yote ile, taifa lenye misikiti na makanisa kila kona lilikuwa na watu wengi waliopita upande wa pili wa barabara, na baadhi walikuwa wamevaa majoho.

Haya hayasemwi ili kuziaibisha shule za kimataifa kwa kuwa na huduma nzuri. Mtoto wa daktari anayelia usiku analia machozi yaleyale, na kumnyima mnasihi hakumpi mnasihi mtoto wa Kiboriloni. Lakini Nyerere, katika maandishi yake ya Machi 1967 kuhusu elimu ya kujitegemea, aliilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake, na lawama hiyo haijazeeka. Wanafunzi wa diploma ya IB hutakiwa kutoa huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo yao. Hutoka getini, hupanda miti, hufundisha Kiingereza, hupaka rangi madarasa. Ujuzi wa kumsikiliza mtoto, ambao shule imeulipia kwa fedha nyingi, hubaki ndani.

Si lazima ubaki. Mnasihi wa shule yenye uwezo anaweza kukaa na walimu wa malezi wa shule za Kiboriloni na Old Moshi mchana mmoja kwa wiki, mkataba wake ukasema hivyo na mshahara wake ukahesabu saa hizo. Atawafundisha namna ya kuzitambua dalili za mtoto anayefanyiwa ukatili, na namna ya kuandika taarifa ambayo ofisi ya ustawi wa jamii haiwezi kuipuuza. Nao watamfundisha yale asiyoyajua: kwamba katika familia ya Kichagga jani la isale likipelekwa kwa aliyekosewa, ni vigumu sana kwake kukataa kusamehe, na kwamba desturi hiyo nzuri inaweza kupatanisha koo mbili na pia inaweza kumfunga mdomo mtoto aliyeumizwa. Mnasihi asiyelijua hilo anaweza kukaa Moshi miaka miwili akidhani kesi imekwisha kwa amani.

Bodi za shule zinaweza kuyaamua haya katika kikao kimoja: mkataba wa mnasihi usipungue miaka minne, matroni na mlinzi waingizwe kwenye mafunzo ya ulinzi wa mtoto na walipwe kwa kazi hiyo, na siku ya kuvuka geti iwe ndani ya ratiba.

Nawe mzazi unayejaza fomu ya bweni, iwe ya shule ya kimataifa, ya seminari au ya serikali, kabla ya kuulizia ada uliza mnasihi wa sasa ameanza lini na aliyemtangulia aliondoka kwa nini. Uliza mtoto akiamka saa nane usiku anamwamsha nani, na ukipewa jina, omba kuonana naye siku hiyohiyo.